Fimbo ya kuvulia niliyomnunulia kijana wangu



Kwenye kikao cha Jumamosi nilisimulia habari hii kwa kifupi. Wengine wakacheka, wengine wakanyamaza. Mama anayetuandalia gazeti akaniomba niiandike yote pamoja na bei zake, kwa sababu wakati wa vakanse watoto wetu wengi wanashinda ziwani. Basi naandika. Sehemu ya kuchekesha ni yangu, chekeni tu. Ile nyingine, tafadhali msomeeni na jirani asiyejua kusoma.

Kijana wangu wa pili ana miaka 12. Shule zilipofunga, alianza kuamka kabla yangu. Mimi naamka saa kumi na moja, kwa sababu lazima maharage yangu yafike mapema soko la Virunga, lakini nilikuta mkeka wake mtupu. Siku ya kwanza alirudi saa moja asubuhi na samaki wanne ndani ya jani la mgomba, kila mmoja mrefu kama kidole. Siku ya pili alileta tilapia mmoja aliyejaa kiganja. Nilifurahi, siwafichi. Mnajua bei ya samaki. Nyumbani tumezoea Thomson wa barafu, mmoja tunagawana watu watano, na sombe nyingi ili sahani ionekane imejaa. Siku hiyo tulikula samaki wa ziwa letu, na mama mkwe wangu alinyonya mpaka mifupa ya kichwa. Nikamsifu kijana mbele ya wote. Sikumuuliza alivua wapi.

Siku ya nne alirudi mikono mitupu. Alikuwa ameshika kichwa, akasema kinamuuma na miguu haina nguvu. Nilidhani ni malaria. Nilipokuwa natafuta nguo ya kumfunika, dada yake mdogo akasema, kama mtu anayetoa habari ya kawaida: "Mama, mbwa wa rafiki yake alilala kule chini. Wakamwita, hakuamka."

Nikaketi.

"Chini wapi?" nikamuuliza kijana.

Akaeleza polepole. Wanatembea kuelekea Bulengo. Kuna mahali mawe meusi yanaacha nafasi, ardhi inashuka kama bakuli mpaka karibu na maji, na majani ni marefu. Wanafika pale alfajiri, kabla ya jua, kwa sababu ndipo samaki wanakula vizuri. Nikamuuliza kwa nini wasisimame juu ya mawe kama watu wengine. Akaniangalia kama mtu ambaye haelewi swali.

"Mama, fimbo zetu ni fupi. Tukikaa juu ya mawe, hazifiki majini."

Mama wenzangu, sisi wa Goma hatuhitaji mtu wa mbali atufundishe neno mazuku. Wazee waliuita upepo mbaya. Ni hewa inayotoka ardhini, hewa ileile ya kaboni inayotoka katika nchi ya volkano, na ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Kwa sababu ni nzito, inatafuta bondeni kama maji. Inajaa katika mashimo na mabonde madogo, hasa kando ya ziwa upande wa magharibi ya mji. Haina rangi wala harufu ya kukuonya. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inajikusanya na kupanda. Jua likiwaka na upepo ukivuma, inapungua. Ndiyo maana mbuzi anakutwa amekufa asubuhi mahali ambapo jana mchana watu walipita salama. Na anayekuwa karibu na ardhi ndiye anayeivuta kwanza: kuku, mbwa, mtoto aliyeinama kutoa mnyoo ndani ya kopo.

Mbwa yule ni mdogo kuliko kijana wangu kwa kimo. Tofauti yao ni labda mikono miwili. Usiku ule sikulala, nilikuwa napima mikono miwili hiyo.

Lakini kabla ya usiku nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilikwenda kwa mama wa wale vijana wengine wawili. Mmoja alishukuru na kumshika mtoto wake palepale. Mwingine aliniambia mtoto wake haendi ziwani, nisimvumishie. Sikubishana. Nilimwambia tu: "Basi muulize mbwa yuko wapi." Akaingia ndani, na nilisikia sauti yake ikibadilika.

La pili, nilichukua fimbo ya kijana, tawi la mkaratusi lililokuwa na urefu kama wake mwenyewe, nikaivunja juu ya goti na kuiweka jikoni pamoja na kuni. Kijana hakulia mbele yangu. Alikwenda nyuma ya nyumba. Kwa siku mbili alinijibu "ndiyo, mama" na "hapana, mama", na si zaidi.

Mama mkwe wangu aliangalia yote hayo bila kusema. Siku ya tatu, tukiwa tunachambua maharage, akaniambia: "Mwanangu, umechoma fimbo, lakini mti wa mkaratusi bado uko pale kwenye kona. Atakata nyingine, na sasa hatakuambia anakokwenda."

Nilijua anasema kweli. Bwana yangu anafanya kazi Kindu, tunasikia sauti yake Jumapili tu. Mimi nashinda sokoni. Nani angemlinda mtoto siku nzima? Na kusema kweli, sikutaka aache. Kijana aliyeleta samaki nyumbani alikuwa anatembea vizuri zaidi kuliko yule wa mwezi uliopita. Nikaamua: kama fimbo fupi ndiyo inayompeleka kwenye bakuli lile, nitamnunulia fimbo ndefu, asimame juu.

Hapa ndipo sehemu ya kuchekesha inaanza.

Juma lile zamu ya likelemba ilikuwa yangu. Sisi ni 12, kila mmoja dola 5, kwa hiyo nilikuwa na dola 60 za kununulia maharage. Nilipita Birere, na kwa muuzaji mmoja wa vitu vya okazio kutoka Bulaya niliona, kati ya pasi za umeme na viatu vya barafu, mfuko mrefu wa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na fimbo ya kuvulia, vipande vinne vinavyoingiana, rangi ya kijani inayong'aa, na mshiko laini kama kizibo cha chupa. Chini yake kulikuwa na gurudumu dogo lenye uzi. Muuzaji akaiunganisha na kuitikisa hewani. Ilisikika fyuu. Akasema wazungu wanaitumia kuvua samaki wakubwa kama mtoto mchanga. Alitaka dola 35. Nilisimama pale nikijadiliana mpaka tukafika 20, nikajiona mjanja.

Nyumbani watoto wa avenyu nzima walikuja kuiona. Kijana wangu aliishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Alianza tena kuongea. Asubuhi ya Jumapili, saa tatu, jua likiwa limekwishapanda, tulikwenda pamoja mpaka kwenye mawe ya juu. Akafunga ndoana, akaweka mnyoo, akarusha.

Mnyoo ulianguka miguuni mwake. Akarusha kwa nguvu, mnyoo ukaruka peke yake majini na ndoana ikabaki imenasa kitenge changu. Uzi ulikuwa mnene kama kamba ya viatu, wa rangi ya machungwa, na kila samaki wa ziwa lile angeuona kutoka Idjwi. Ncha ya fimbo ilipinda na kuchezacheza kama jani la mahindi. Wavuvi wawili waliokuwa wanaanika nyavu walituangalia kwa heshima kwa muda, halafu mmoja akashindwa, akageuka na kucheka.

Nikapiga picha, nikamtumia shemeji yangu, mdogo wa bwana yangu, ambaye yuko Norwe miaka mingi sasa. Alijibu kwa sauti, na yeye pia alicheka kwanza.

"Shemeji," akasema, "umenunua fimbo nzuri sana, lakini mto wake hauko Goma."

Akaniambia nisome maandishi madogo karibu na mshiko. Yalisema 9 ft na namba 5. Tisa ni urefu wa futi, sawa na karibu mita mbili na robo tatu. Tano ni uzito wa uzi unaofaa fimbo hiyo. Ile ni fimbo ya trauti, samaki wa mito baridi. Trauti anakula pia wadudu wanaotua juu ya maji, kwa hiyo wavuvi wa fimbo kama ile hawatumii mnyoo. Wanafunga manyoya na nywele za wanyama kwenye ndoana ndogo mpaka ifanane na nzi. Sasa nzi wa manyoya hana uzito, huwezi kumrusha, kama vile huwezi kurusha pamba. Kwa hiyo uzi wenyewe ndio mzito, na ndio unaorushwa. Fimbo lazima ipinde kama mjeledi ili kuutupa mbele, na nzi anafuata nyuma. Anayenunua fimbo kama ile lazima namba ya fimbo na namba ya uzi zilingane, kama sivyo haitupi vizuri. Kwa samoni, ambaye ni ndugu mkubwa wa trauti, wanachukua namba 8 mpaka 10, na kwenye mito mipana fimbo ya mikono miwili, mita nne na zaidi. Na kule Norwe, akasema, mtu mzima havui samoni mtoni hivihivi. Analipa ada ya serikali, halafu analipa na kibali cha mto wenyewe.

Nikamuuliza kama huyo trauti hayuko Afrika kabisa. Akasema yuko Kenya, katika mito ya baridi ya mlima Kenya na milima ya Aberdare. Waingereza walimpeleka kule zaidi ya miaka 100 iliyopita, na bado anavuliwa. "Lakini ninyi mna tilapia," akasema, "na tilapia hajui nzi wa manyoya. Nenda kaulize wavuvi wenu, shemeji. Mimi hapa ninajua mto wa hapa."

Muuzaji wa Birere alikubali kuirudisha fimbo kwa dola 10. Nyingine 10 zilibaki kwake, na kwangu hizo ni faida ya wiki mbili. Sikumlaumu sana. Aliniuzia fimbo, na ilikuwa fimbo. Mimi ndiye niliyenunua kwa macho.

Kesho yake nilikwenda Kituku, pale mitumbwi inapofika. Nilimkuta mzee mmoja ameketi juu ya bidoni anashona wavu. Nikamsalimu, nikamwambia natafuta kifaa cha kuvulia kwa mtoto.

"Mtoto anataka kuvua samaki gani, mama?"

"Yeyote, mzee."

"Yeyote hayuko katika ziwa hili," akasema, na akaendelea kushona.

Nilimwambia basi sambaza. Akatikisa kichwa. Sambaza hawavuliwi kwa ndoana kando ya ziwa. Mnawaona usiku, zile taa kule mbali. Ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa inawaita sambaza juu, na wavu unawainua kutoka chini. Na sambaza wenyewe ni wageni. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wakazaana mpaka tukasahau kuwa hawakuwepo. Mama mkwe wangu alipokuwa mtoto, chakula cha hapa kilikuwa kingine.

Samaki wa mtoto anayesimama kando, mzee akasema, ni tilapia na wale wadogo wa mawe. Hao wako karibu. Ziwa letu lina kina cha zaidi ya mita 400, lakini samaki wote wanaishi juu juu, mita 60 hivi za kwanza, kwa sababu chini zaidi hakuna hewa ya kuwafaa. Kwa hiyo hakuna haja ya gurudumu, wala ya kurusha mbali. Halafu akaniuliza maswali mawili mengine: mtoto atasimama wapi, na mkono wake una nguvu gani. Sikujua kujibu hata moja. Akaniambia niende nikapime kwanza, ndipo nirudi.

Nikaenda kupima, saa nne asubuhi, upepo ukivuma. Nilichagua na kijana jiwe moja pana, tambarare, mahali palipoinuka na wazi kila upande, mbali na lile bakuli. Nilifunga kijiwe kwenye uzi na kuushusha. Kutoka juu ya jiwe mpaka majini ni kimo changu mimi nikiwa nimesimama. Na maji yenye kina yanaanza hatua tatu mbele ya jiwe. Tawi la mkaratusi lenye urefu wa mtoto lisingefika pale kamwe. Kijana hakunidanganya. Alikuwa anashuka kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kufikia maji.

Mzee alisikia vipimo, akasema: mwanzi wa mita nne, na uzi wa urefu uleule. Sasa hivi ndivyo alivyonifundisha kuchagua, nawaandikia kama alivyosema.

Mwanzi uwe mkavu. Ule mbichi ni mzito, na ukikauka nyumbani unapasuka. Ukiupiga kwa ukucha, mkavu unalia vizuri. Usiuanike juani kwa haraka, uulaze kivulini. Muulize muuzaji aliukata wapi. Chukua uliopandwa shambani, kwa sababu ule wa ndani ya Pariki haukatwi, machipukizi yake ni chakula cha gorila. Angalia kila pingili kama ina ufa, pitisha kidole. Weka jicho moja kwenye shina na uangalie kama umenyooka. Halafu bana ncha chini ya mguu na uinue shina: upinde kidogo karibu na ncha tu, na uachiwapo urudi ulivyokuwa. Ukipinda katikati ni dhaifu. Usipopinda kabisa utakata uzi samaki akivuta.

Mwisho, mpe mtoto mwenyewe aushike kwa mkono mmoja, mbele yake, na uhesabu mpaka 100. Mkono ukianza kutetemeka kabla, tafuta mwembamba zaidi. Mwanzi unaomchosha ataulaza chini, na atatafuta mahali pa karibu na maji. Nilielewa mara moja alichotaka kusema, ingawa habari ya mbwa sikuwa nimemwambia.

Uzi ni wa nailoni, mwembamba, milimita robo au zaidi kidogo. Mwambie muuzaji auvute kwa mikono miwili mbele yako, kwa sababu uzi uliokaa juani dukani unakatika kama uzi wa buibui. Ndoana zina namba, na namba zake zinakwenda kinyume: namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo. Namba 12 ni kwa wale samaki wadogo wa mawe, namba 8 ni kwa tilapia. Nilichukua zote mbili. Cha kuelea juu ya maji tulikata kipande cha kandambili iliyokufa. Cha kuzamisha, wauzaji wana vipande vya risasi laini, na watoto wanavibana kwa meno. Mama wenzangu, risasi ni sumu, inaharibu akili ya mtoto polepole. Sisi tulifunga nati ndogo ya baiskeli, na inazama vilevile. Chambo ni mnyoo, au fufu iliyokandwa ngumu, ambayo tilapia anaipenda.

Kuna mama mmoja sokoni aliniambia nisijisumbue, nimpe mtoto kipande cha chandarua cha mbu, atazoa samaki wengi kwa mara moja. Ni kweli atazoa. Atazoa watoto wa samaki ambao wangekuwa tilapia wa mwaka ujao, na nyavu za matundu madogo kama hizo, kama zile zinazoitwa kaningini, zimekatazwa ziwani. Halafu usiku mbu watamuuma. Chandarua chetu kimebaki juu ya mkeka.

Hesabu yote ni hii. Mwanzi franka 3,000. Uzi 2,500. Ndoana kumi 2,000. Nati na kandambili bure. Jumla franka 7,500. Ni dola chache tu, na mimi nilikuwa nimepoteza 10 kwa kitu kinachong'aa.

Pamoja na mwanzi nilimpa sheria, na alizirudia mbele ya bibi yake. Haendi kabla ya saa mbili, jua likiwa limetoka na upepo umeanza. Asubuhi yenye ukungu na hewa iliyotulia, haendi kabisa. Anasimama juu ya lile jiwe tu. Haendi peke yake, na hapo juu kuna bidoni tupu lenye kamba, likiwa limefungwa vizuri mdomo, ili mmoja akianguka majini mwingine amrushie. Ndoana ikidondoka ndani ya shimo, ibaki huko.

Na sheria ya mwisho ni ngumu kuisema kwa mtoto, lakini niliisema: ukimwona rafiki yako ameanguka bondeni, usishuke kumfuata. Piga kelele, kimbia juu, ita watu wazima waje na kamba wamvute wakiwa juu. Mazuku inaua wa kwanza, halafu inaua yule aliyempenda akashuka. Wala msishuke na kiberiti kujaribu kama moto utazimika. Wakati unazimika, wewe tayari uko ndani.

Kijana akauliza: "Hata wewe ukiwa umeanguka, mama?"

Nikamwambia: "Hata mimi." Ilinichukua muda kulisema.

Tulimwambia shefu wa avenyu habari ya lile bakuli. Alikuja na vijana, wakaziba njia kwa mawe na kusimamisha mti wenye kitambaa chekundu. Mama yule aliyeniambia nisimvumishie alitoa kitambaa. Lilikuwa shuka lake zuri, na hakuna aliyemwomba.

Jumapili ya kwanza nilikaa na kijana juu ya jiwe. Alivua watatu. Alipotaka kunywa maji alinipa mwanzi nimshikie, na katika dakika hiyo kile kipande cha kandambili kikazama. Nikapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Alikuwa tilapia wa kiganja kimoja na nusu. Wavuvi walewale wawili walikuwepo, na safari hii mmoja akasema: "Mama, sasa umepata fimbo."

Tulipokuwa tunarudi, binti yangu wa miaka 9 alitembea kimya mpaka karibu na nyumba. Halafu akauliza kama mianzi ni ya wavulana tu. Nikamwambia hapana. Akanyoosha mkono wake mbele, akakunja ngumi, na kuanza kuhesabu kwa sauti. Alifika 64 mkono ukaanza kushuka.

Kwa hiyo natafuta mwanzi mwembamba kidogo, mita tatu na nusu, na jiwe lililo karibu zaidi na maji lakini wazi kwenye upepo. Jumamosi nitakuja na ule wa kijana kwenye kikao. Mwenye mtoto anayependa ziwa aje naye, tuupime mkononi mwake kabla hajaenda kukata tawi kwenye kona.